Ndimu sita

Mayai manne, sukari glasi moja na kidogo,
ndimu sita za Mama Cibalonza, anayeuza kwa fungu pale Nyawera
na kuapa hazina mbegu.
Zina mbegu.
Nakwaruza ganda juu juu tu;
nikifika kwenye weupe naacha, uchungu unakaa pale.

Umeme umekwenda tangu jana.
Basi mbabula, makala mabichi yanalia,
sufuria ya maji, juu yake bakuli la bati.
Mvuke ufanye kazi, si moto:
ndivyo alivyosema shangazi Nsimire,
aliyewapikia masista miaka kumi na tisa
na hakuketi mezani pao hata siku moja.

Koroga. Usiende mlangoni.
Mara ya kwanza nilikwenda, kumbe mtu wa kodi ya nyumba,
nikarudi nikakuta mayai yameganda vipandevipande.
Tuliyala hivyo hivyo. Sukari haitupwi Bukavu.

Leo hodi zipigwe hadi zichoke.
Siagi, kipande, kipande kingine.
Mkono unauma, nabadilisha mkono.
Kisha mgongo wa kijiko: napitisha kidole,
na njia inabaki wazi,
si kama barabara ya Kadutu mvua ikinyesha.

Chupa kubwa, iliyokuwa ya mayonezi, ni ya nyumbani.
Kesho kabla ya shule Ciza atapaka tabaka nene kuliko mkate,
atakunja uso, atalamba kisu,
nami nitajifanya natafuta chumvi.

Chupa ndogo ni ya shangazi.
Meno hana tena.
Ataila kwa kijiko,
ameketi.