Mali Kauli

Kila Jumatatu naanza na harufu.
Nafungua mifuko niliyoachiwa mlangoni Jumamosi
na kutanguliza pua kabla ya mkono:
sabuni, sigara, kabati la bibi, paka,
na ile ya maziwa yaliyogandia kwenye kola
isiyotoka hata kwa magadi.

"Lakini doa lenyewe dogo, Bi Halszka."
Dogo, naam. Ila liko kifuani,
na mnunuzi hutazama kifua kwanza.

Duka liko Łódź, uani kwa kiwanda cha matofali mekundu
ambamo mama alifuma pamba hadi masikio yakaziba.
Siku hizi humo wanaishi watu wa kompyuta,
na mbwa wao huvaa vizuri
kuliko nilivyovaa mimi nikiwa na miaka sita.

Biashara yangu ni mali kauli:
wananiachia mali, nawaachia kauli.
Masharti nimeyabandika ukutani.
Nusu kwa nusu. Siku tisini.
Zipu ifunge, vifungo vitimie.
Soksi moja moja sipokei.

(Nina kopo zima la soksi moja moja.)

Nguo za watoto hazichakai, huachwa tu.
Suruali ya miezi mitatu imevaliwa Jumapili mbili,
kisha mwenyewe amerefuka usiku
bila kumwomba mtu ruhusa.
Mama zao huzikunja kaunta polepole,
huniuliza bei, huniambia bei ni nzuri,
kisha huvuta moja na kuirudisha mkobani.
Sisemi kitu. Naifuta daftarini.

Namba 212 ndiyo inayonitunzia duka.
Koti la mimba, sufu, rangi ya bilinganya,
kamba mbavuni za kulegeza kadiri siku zinavyosogea.
Limeuzwa mara sita, limerudi mara sita.
Dobrochna alilirudisha na tiketi ya tramu mfukoni.
Mwalimu wa jiografia, aliyezaa pacha,
alilirudisha kamba moja imekatika, akataka kulipa.
Nadia wa Kharkiv aliacha vidonge viwili vya chuma
na karatasi yenye majina kumi na moja,
yote yamekatwa kwa kalamu.
Sijui mtoto wake anaitwaje.

Asemaye nguo ya kuazima haisitiri matako
hajangoja tramu ya saa kumi na moja alfajiri,
mwezi wa Januari, mimba ya miezi minane.

Alhamisi, nikiwa nimekwisha geuza kibao cha mlangoni,
akaingia mtu, kofia hadi kwenye nyusi,
akachukua 212 bila kuuliza,
akapita nalo nyuma ya pazia.
Nikaona miguu.
Kidole gumba cha kushoto kimetoboa soksi,
kama tangu alipokuwa na miaka minne.

Jagoda. Tangu Pasaka hatusemezani,
kwa sababu ya nyumba ya nyanya yake na nani aliiuza.

Akatoka. Akaliweka kaunta.
Mimi niliye na kauli kwa kila mfuko wa jiji hili,
ya doa, ya zipu, ya "pole, msimu umepita,"
nikashika mkasi, nikauweka, nikashika kalamu.

"Bei gani?"
"Iko kwenye lebo."
Akahesabu noti, akahesabu sarafu,
hakuniacha nimpunguzie hata grosi moja.

Nikaandika: 212, limeuzwa, kwa —
safu ile ni nyembamba, jina haliingii.
Nikamuuliza ninalowauliza wote, ili nipime kamba:
"Mwezi wa ngapi?"
"Wa tano."

Nikapiga magoti. Mkono mmoja kwenye fundo,
mwingine sikujua pa kuuweka,
akauchukua yeye, akauweka.

"Nalirudisha lini?" akauliza hewani, juu ya kichwa changu.
"Masharti yako ukutani."
Akaanza kuyasoma kwa sauti, moja baada ya jingine,
hadi alipofika kwenye soksi.