Siku Lilipowaka Vizuri

Fundi Ngonyo hupima kwa kidude chenye waya mbili,
nyekundu huku, nyeusi kule,
kisha huguna.
"Kumi na moja nukta tisa, Bi Somoe.
Haijafa. Lakini haipo."
Nikamwuliza: hiyo ni lugha ya umeme au ya matangani?
Akacheka, akapangusa mikono
kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.

Miaka minne na miezi minane.
Tarehe niliikwangua mwenyewe kwa msumari
ubavuni mwa betri, siku ya kuinunua,
kama wanavyoandika urefu wa mtoto ukutani.
Joto la Malindi halifuati kalenda.
Hapa chumvi hula chuma hata ndani ya boneti,
na unga wa kijani huota kwenye vichwa vya betri
kama ukungu juu ya mkate wa juzi.
Nimeumwagia maji ya moto. Nimeupiga mswaki.
Mswaki umekufa kabla ya betri.

Kila mtu ana fatwa yake.
Kaka yangu Shekuwe: "Usitupe hela, ongeza maji."
Jirani, Mama Dhahabu: "Badilisha leo, kesho utalala Marafa."
Mwenye duka la spea pale Ngala:
elfu tisa na mia tano,
na ile kuukuu ataipokea, apunguze elfu moja.
Neno kuukuu alilitamka akinitazama mimi.

Elfu tisa na mia tano!
Hiyo ni kaki ya kaptula za darasa zima.

Basi nikawa naahirisha,
na kuahirisha nako kuna ufundi wake.
Nilijifunza kuegesha kwenye teremko nyuma ya kinu cha mahindi,
pua ikitazama chini.
Nilijifunza kutozima injini nikishusha sare Mambrui;
walimu wakahesabu mashati mbio mbio, moshi ukiwaingia.
Redio niliifunga tangu Rajabu.
Harusi ya Mwanajumbe, Gede, usiku:
nilisema kichwa kinaniuma.
Kichwa kilikuwa kizima,
taa ndizo zilizokuwa zikizimia.

Na wale vijana wa kinuni, Baya na mwenzake,
wakinisikia tu nazungusha ufunguo
walikuwa wanavua kandambili bila kuitwa.
Sikuwahi kuwalipa. Waliniita shangazi.
Siku moja Baya aliteleza, goti likachunika,
akauliza akiwa bado chini,
"Limewaka, shangazi?"
Limewaka, nilisema. Nikaondoka.
Sikusimama.
Ningesimama, lingezima.

Leo alfajiri nimezungusha ufunguo
na gari likawaka mara moja,
bila kukoroma, bila kukohoa,
kama mtu aliyeitwa kwa jina analolipenda.
Siku nyingine ningesema: si unaona? Bado ina nguvu.
Ningeongeza wiki, wiki ingezaa mwezi.

Lakini nilikaa pale, injini inanguruma,
nikautazama mguu wangu wa kulia:
umekandamiza mafuta
bila mimi kuutuma,
unaogopa hata sasa.
Hilo kidude cha Ngonyo hakikulipima.

Nikaendesha hadi Ngala. Nikazima.
Mbele ya watu, bila kutafuta teremko, nikazima.
"Vipi, imekufa?" mwenye duka akauliza.
"Hapana," nikasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Walipoitoa, nikaomba niishike.
Nzito, wallahi, kuliko nilivyokumbuka,
na mkwaruzo wangu ungalipo ubavuni,
tarehe, na ile nne niliyoikosea
nikairudia juu yake.

Elfu moja ya kuukuu haikukaa mkobani.
Niliipeleka kinuni, nimeikunja ndogo.
Baya aliikataa mara mbili, kama adabu itakavyo.
Mara ya tatu nilikuwa nimeshaitia mfukoni mwake
na kugeuka kulitazama gari
nilipoliegesha: pale tambarare,
pua popote.