Tairi Linalosema

Zbyněk ameyaegemeza matairi matatu ukutani
kama wachumba walioletwa siku moja,
nami natakiwa nichague kabla hajafunga duka.

La kwanza karibu ni kipara:
mifereji miwili tu, imechorwa kuwaridhisha polisi.
Nalibonyeza, linanasa kidole kama ulimbo.
«Likishapata moto halikuachi, Vendulo.
Sekunde nne kila mzunguko.»
Sekunde nne! Anazitaja kama mtu anayetaja mahari.

La pili lina mifereji ya kutosha na sura ya karani.
La tatu ni la theluji. Tunalipita bila salamu.

Mimi ni nani? Siku ishirini na mbili kwa mwezi
natoka Tišnov gizani kwenda hospitalini Brno,
nyuma ya malori ya magogo,
mkate na jibini kwenye kiti cha abiria.
Siku moja navaa helmeti,
naingia uwanja wa mbio ulio msituni juu ya mji,
ambako lami hushuka kona kwa kona
kisha mlima hukudai ulichokopa.
Gari ni lilelile, dogo, rangi ya haradali.
Ishirini na mbili kwa moja.
Mtoto wa darasa la pili angejibu.
Lakini moyo haukusoma hesabu,
wenyewe huishi kwenye ile moja.

Ningenunua seti mbili, ningekuwa na pa kuziweka.
Stoo yangu imejaa chupa za plamu za bibi,
za mwaka ule aliofariki.
Hakuna aliyethubutu kuzifungua, wala kuzitupa.

Kazini napiga picha za mifupa.
Nimejifunza kuwaogopa wasiolalamika.
Anayepiga mayowe tangu mlangoni
mara nyingi ana kidole kilichoteguka.
Yule asemaye «si kitu, dada», uso mweupe kama shuka,
ndiye nyonga imepasuka pawili.

Novemba waliniletea kijana, Radovan.
Mvua, majani yaliyooza barabarani, saa moja asubuhi,
matairi laini kama lile la kwanza.
«Yalishika,» akaniambia nikimwekea bamba chini ya paja,
«yalishika, yalishika,
kisha hayakuwepo.»
Usipumue, nikamwambia.
Mashine ikalia.
Haya, pumua.

«Basi?» Zbyněk anauliza, funguo mkononi.
Naelekeza kwa karani.
Anacheka, lakini anapunguza bei.

Mei, uwanjani, gari lake la buluu lilinipita mara mbili,
na mara ya pili alinipungia mkono, mshenzi.
Kona ya tatu matairi yangu yakaanza kulia,
mapema mno, aibu tupu, watu wakageuka.
Hapa, yakasema. Hapa panauma.
Nikalegeza mguu kidogo, kidogo tu,
usukani ukarudi mkononi kama mgonjwa aliyeaminiwa.
Mzunguko uliofuata nilijua wapi yataanza kulia,
nikayafuata hadi ukingoni mwa kilio chao,
nikakaa hapohapo.
Sijawahi kuendesha polepole vile
na kujua mengi vile.

Sekunde nne? Zilikuwa tano na nusu.
«Unajuta?» akaniuliza, chai ikifuka baina yetu.
Nikasema kidogo.
Ningesema hapana ningekuwa mwongo.

Jumatatu, mvua.
Nimeurudisha upepo kwenye kipimo cha barabarani,
nimefunga redio.
Baada ya Kuřim lori la magogo linawasha taa nyekundu
bila sababu niionayo.
Mguu unatangulia akili.
Matairi yananong'ona, yanalalama, yanalalama zaidi,
yanasimama.

Kati ya boneti na magogo, upana wa meza.
Mkate umeanguka sakafuni, jibini limekwenda zake.
Vipangusio vinaendelea na kazi yao.

Haya, najiambia,
pumua.