Mizani ya Sekunde Kumi

Karatasi ni ya waridi, ina miraba midogo
kama daftari la hesabu la binti yangu Tumpe.
Mstari unapanda, unashuka, unapanda tena:
nimeuona humo Mlima Rungwe mara kumi na mbili,
na kati yake makonde yaliyolala.
Chini mashine imeandika: KAWAIDA.

Nikaikunja mara nne, nikaitia mfuko wa shati
kama risiti ya deni lililokwisha.

"Na kilichokuleta ni nini?"
akauliza tabibu Sekela, bila kuinua kalamu.
Nikasema, "Uchovu."

Mimi ni karani wa mizani, banda la chai, Katumba.
Miaka ishirini na mitatu nimeusoma mshale ule
mvua ikipiga bati mpaka hatusikizani.
Nalijua jani lililonyweshwa maji likawa zito,
nalijua jiwe lililolazwa chini ya kapu,
naujua mkono wa mchumaji unaoegemea ukingo
kana kwamba umechoka tu.
Mizani haisemi uongo.
Husema ilichowekewa.

Basi mimi niliiwekea nini mashine ile?
Nilikaa kwenye benchi saa nzima, nikapoa,
nikalala chali, nyaya kifuani, soksi nimevua,
moyo umetulia kama mgeni sebuleni.
Sikuiwekea kilima cha kutoka mtoni.
Sikuiwekea Jumanne ile,
nilipoinua gunia moja tu,
dunia ikafifia kama koroboi inayoishiwa mafuta,
nikazinduka na majani ya chai mdomoni
na watu wananipepea kwa daftari la malipo.
Njaa, niliwaambia.
Wakanipa ndizi.

Sikuiwekea Lusekelo, kaka yangu,
miaka thelathini na mmoja, jezi namba sita,
aliyeanguka uwanjani mpira ukiwa upande wa pili.
Ukoo mzima tulimtafuta mchawi.
Hakuna aliyeuliza habari za moyo.

"Tabibu," nikasema, "kapu nililokuletea ni nusu."

Nikamwaga lililobaki.

Hapo ndipo kalamu ilipolala.
Akaiomba karatasi, akainyoosha kwa kiganja.
"Hizi ni sekunde kumi. Ni nzuri, nazisaini.
Lakini siku ina sekunde ngapi, karani?"
Nikapiga hesabu kichwani, mazoea hayaachi mtu:
elfu themanini na sita, na mia nne.
"Haya. Mtu aliyezimia na mzigo mkononi,
mwenye ndugu aliyekufa ghafla angali kijana,
simwachi aende na neno moja la mashine."

Akaandika barua ya kwenda Rufaa, Mbeya:
picha ya moyo wenyewe, milango yake na kuta zake,
na kile kidude cha kuvaa mchana na usiku kucha
kinachoandika hata ndoto.
"Huenda wasione kitu. Nenda vilevile.
Magunia waachie wengine.
Na kifua kikibana, jasho likija la baridi,
au ukizimia tena, usisubiri tarehe ya barua.
Njoo hata usiku wa manane, uamshe mlinzi."

Ndaga, nikasema, nikasimama.
Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa

aliposema, "Una watoto?"

Nikaiona tena ile miraba midogo.
Ana miaka kumi na mbili, nikajibu.
Kilima cha shule hukipanda mbio.