Mshono wa Lusangija

Gesi kwanza. Moto wa njano, mvivu,
unatema masizi mepesi kama manyoya ya kifaranga,
yanapeperuka kuelekea majini, hapa Igogo.
Kisha oksijeni, kidogo, kidogo,
mpaka ndimi zikusanyike ziwe meno
ya buluu, mafupi, yaliyonyamaza.

Bawaba ya mlango wa kivuko ina unene wa vidole vitatu.
Nimeichora mstari wa chaki. Naanzia ukingoni, nangoja:
nyekundu ya tumbo la furu dume,
halafu kiini cha yai la kanga.
Hapo tu ndipo unabonyeza wenzo.

Lusangija amekaa kwenye kreti, kanipa mgongo.
Jicho lake moja lilikwenda na cheche.
Anakagua kazi kwa masikio.
"Ukikata vizuri, ni doti la khanga linachanwa.
Ukikata vibaya, ni chumvi kwenye mafuta ya moto."

Ni yeye aliyenifunza kwamba moto haukati,
moto unabisha hodi tu;
inayokata ni pumzi, na kinachoungua ni chuma chenyewe.
Kutu nayo ni moto, alisema, ila hauna haraka.
Basi miaka yote hii kivuko kilikuwa kinaungua mbele yetu
nasi tukipaka rangi.

Mavi ya chuma yanadondoka upande wa pili,
yanaugonga mchanga unyevu, yanalia tsss.

Katikati ya bawaba upo mshono wake.
Aliuchoma mwaka wa elinino, usiku,
Nkwimba mkewe, mjamzito, akimshikia tochi,
malori ya pamba yakisubiri foleni ng'ambo ya Kamanga.
Magamba yake bado yamelaliana kama ya sato.
Asubuhi aliniambia: Pita hapo hapo. Usizunguke.

Napita.
Khanga inachanika, inachanika,
pap!
Cheche zinanirudia kifuani,
moto unapaliwa, unakohoa, unazimika.
Nainua miwani. Ndani ya mshono
mna pango dogo, lingemeza punje ya hindi,
limejaa uchafu mweusi uliofungiwa humo tangu usiku ule.

Sisemi kitu. Yeye hageuki.
Korongo wawili wanagombea utumbo wa sangara
karibu kabisa na mitungi, wala hawaogopi.

"Kubwa?"
"Punje ya mtama."
Anakuna goti.
"Mtama, au hindi?"
"Hindi."

Anatikisa kichwa polepole,
kama mtu aliyeletewa deni analolikumbuka.
Mkono wake unapapasa hewani kutafuta kipande;
nauzuia, bado kina moto.

"Malori yalipita," anasema.
Baadaye tena, kwa sauti ya chini, kana kwamba anayahesabu:
"Yalipita."

Kisha: "Zibua pua ya tochi, washa.
Umebakiza nusu,
na wa mzani anafunga saa kumi."