Matufe Sita

Nilinunua matufe sita ya chuma
sokoni Phonsavan, ya mchezo, yaliyokwisha tumika,
moja lina mkwaruzo kama kovu la kidevu.
Nikayamwaga uani. Mtoto akacheka,
akalifukuza lililobingirika mbali zaidi.

Bouakham alikuwa anapepeta mchele.
Sikumwona akisimama.
Nasema kweli: ungo ulikuwa bado hewani,
punje hazijagusa ardhi,
naye keshamlalia mtoto,
mgongo kaufanya ukuta,
viganja juu ya masikio madogo.

Ndipo akili ikafika.
Ilifika ikihema, kama karani aliyechelewa kazini,
shati nje, faili kwapani,
ikauliza: nani kaamuru? Kwa hati gani?
Na mle ndani, nyuma ya macho,
yule mlinzi mdogo asiyejua kusoma
hakujibu. Alikuwa bado anapuliza filimbi.

Mwaka wa kumi na moja huu mke wangu anapiga magoti
katika mashamba ya watu;
kifaa kikilia, anafukua kwa mwiko,
udongo mwekundu, ukucha baada ya ukucha.
Huko mkono wake hautetemeki.
Huko karani na mlinzi huketi meza moja,
huyu akihesabu sentimita, yule akinusa.
Ila siku moja mkono uligoma.
Kifaa kimya, ramani safi, msimamizi anaita twende.
Mkono ukakataa.
Chini ya mzizi wa mwanzi lilikuwapo,
dogo kama chungwa,
limelala tangu babu yake akiwa kijana.
Akili ilitafuta sababu wiki nzima:
labda majani yalikuwa na rangi nyingine.
Labda.

Kwa mwoga huenda kicheko, husemwa.
Uani kwetu hakikufika. Mtoto alilia
kwa uzito wa mama yake, si kwa tufe.
Bouakham akalitazama, akauona ule mkwaruzo,
akasema kwa sauti kavu, "Najua. Najua ni nini."
Na bado hakuinuka.
Kujua kulikuwa kumefika kinywani,
magotini bado.

Nimeyarudisha sokoni, matano.
La sita liliingia chini ya ghala la mpunga,
penye giza, penye majani marefu.
Jioni nilikwenda na tochi, nikachuchumaa,
nikanyoosha mkono.

Ni tufe. Nalijua, nililinunua mwenyewe.
Liko huko huko mpaka leo.