Athari Moja

kwa Daktari Raiya binti Suwed

Hapa Ibra maji hupimwa kwa muda.
Nusu saa huitwa athari:
ndivyo baba alivyoiandika, karani wa falaji
miaka thelathini na mmoja,
mchana akisoma kivuli cha nguzo, usiku nyota,
mpaka ikaletwa saa ya ukutani
iliyochelewa kuliko nyota.

Ulikuja na kalamu mbili na chupa ya chai.
Ulimsalimu Kiarabu, akakujibu Kiswahili,
maana ulijikwaa kizingitini ukasema, Mama yangu wee.
Toka hapo hesabu zote mlizifanya
kwa lugha ya jikoni.

Uliuliza bei ya maji.
Riali mbili, akasema, Ramadhani tatu.
Na yale yasiyouzwa?
Baba akavua miwani. Alidhani wamtania.

Ukapiga mstari, safu mpya pembeni mwa daftari,
ukaandika wasionyoosha mkono mnadani:
mlimau wa mjane aliye mwisho wa mfereji,
nyigu anywaye kwenye ufa,
vijisamaki vinavyodonoa visigino vya watoto,
na mtoto ambaye bibi yake bado hajaolewa.

Mwaka ule visima kumi na vinne vilichimbwa juu ya chanzo.
Dizeli rahisi, matikiti malori kwa malori.
Ukasimama mbele ya wakubwa na karatasi moja:
Matikiti haya tunayauza kwa hasara.
Tunalipia maji ya wajukuu,
na wajukuu hawakuulizwa.
Mmoja alicheka. Mmoja alipiga miayo.
Wa tatu akaomba nakala.

Baada ya miaka sita, mashine tisa zilizimwa.
Tisa, si kumi na nne.
Hukupenda tuzidishe.

Leo mnada umefika kwenye zamu uliyoomba isiuzwe,
athari moja kwa wiki, iteremke bure bondeni.
Dalali akakohoa, akataja jina lako
kana kwamba umekaa pale, kwenye mkeka, na pochi yako.
Hakuna aliyeongeza bei,
hata Hamdun, mwenye mitende mia na kiu yake.

Baba angefurahi.
Au angenung'unika: riali mbili hizo.

Daftari ninalo mimi sasa.
Kwenye safu yako nimeandika kwa Kiswahili,
ambako neno hilo ni kile kinachobaki
mtu akishapita:
athari, moja.

Kisha nikavua viatu
nikayafuata maji, nusu saa nzima,
mpaka mahali ambapo hayana mwenyewe.